Sakafu ya Darasa la Nne

Madawati niliyatoa nje mimi, kwa mikono yangu. Naliweka hilo mwanzoni kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii watu huharakisha kumlaumu Mwalimu Mkuu, nami huchelewa kuwasahihisha.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea ualimu wa shule za msingi. Kwa mazoezi ya kufundisha ya majuma manane nilipangiwa shule ya kijiji kimoja mbele ya Tinde, nikapewa Hisabati ya Darasa la Nne: wanafunzi sabini na mmoja, madawati kumi na manane. Ilikuwa Julai, majira ambayo vumbi la Shinyanga huingia katika daftari, katika chaki na katika chai. Waliowahi madawati walibanana watatu watatu. Waliochelewa walikaa chini, na chini palikuwa ardhi tupu.

Kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho wavulana walileta samadi mbichi ya ng'ombe, wasichana wakaleta maji kwa vidumu, na sakafu ikasiribwa kama zinavyosiribwa nyumba nyingi za huku. Samadi ikikauka hushika vumbi, na vumbi likishikwa funza hukosa makao. Lakini tabaka lile halikuweza kustahimili miguu ya watoto sabini na mmoja. Kufikia Jumatano lilikuwa limebanduka, na Alhamisi watoto walianza tena kujikuna vidole.

Scolastika alitembea kwa visigino. Alikuwa na miaka kumi, alikaa chini karibu na mlango, na siku za Jumatatu hakuonekana. Jumatatu ya pili niliuliza yuko wapi.

"Bibi yake anamchokonoa funza, madamu," alijibu Bujiku, mvulana mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. "Leo ni wengi. Tumemsikia akilia tangu kule kwenye josho."

Jioni ile nilikwenda kwao. Bibi yake, Bibi Kabula, alinipokea kwa adabu zote, akanipa kigoda, kisha akanionesha sakafu ya nyumba yake kabla sijasema lililonileta. Ilikuwa imesiribwa vizuri hata ungeweza kuanika unga juu yake. Alizungumza Kisukuma akichanganya na Kiswahili. Mimi ni mzaliwa wa Ushirombo, nyumbani tunasema Kisumbwa; Kisukuma nakielewa kuliko ninavyokisema.

"Mwalimu, umeona funza hapa?"

"Hapana, bibi."

"Basi wanatoka kwenu. Namtoa hawa, ananiletea wengine. Mtoto analala anatetemeka, vidole vimevimba kama viazi. Nampa mpaka likizo ya Septemba. Akiendelea kuja nao, habari ya shule imekwisha. Mbuzi wangu hawana mtu."

Scolastika alikuwa amesimama nyuma yake, ameegemea ukuta, ameinua vidole vya miguu juu. Alinitazama mimi, si bibi yake, kana kwamba jibu lilikuwa kwangu.

Nilimwambia bibi nitatafuta njia. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na niliamini kwamba maneno hayo yanatosha kuwa mwanzo wa njia yenyewe.

Mada yangu muhula ule ilikuwa maumbo bapa. Niliianza kama kitabu kinavyoelekeza, kwa kuchora ubaoni.

"Mraba una pande ngapi?"

"Nneee!"

"Zikoje?"

"Sawaaa!"

"Vizuri. Sasa nani atanionesha mraba humu ndani?"

Sabini na mmoja wakatazamana. Nikamnyanyua Bujiku.

"Madamu, mraba si huo hapo ubaoni?"

"Mwingine."

Alizungusha macho darasa zima: dirisha, mlango, dari isiyokuwapo. "Mwingine hujauchora," akasema. Darasa likacheka, nami nikacheka, lakini niliondoka nikiwa nimefadhaika. Walikuwa wakiimba mistari minne juu ya kitu ambacho hawakuwahi kukutana nacho.

Ijumaa hiyo nilikaa mlangoni kuwatazama wakisiriba. Wasichana walikuwa wamepiga magoti kwa safu, wakirudi nyuma hatua kwa hatua. Kila mmoja alisawazisha samadi kwa kiganja, kisha akaburuta vidole kuacha alama. Wengi waliacha mawimbi. Scolastika aliacha pembetatu, moja imekaa kwa kitako, ya pili imesimama kwa ncha, safu ndefu isiyoacha nafasi hata ya kupitisha sindano.

"Hizo ni pembetatu, Scolastika," nikamwambia.

"Hapana, madamu. Hii ni ya mayu."

Mayu ni mama. Mama yake alikuwa ameondoka miaka mitatu nyuma kwenda machimboni upande wa Geita kuwapikia wachimbaji, na tangu hapo salamu zake zilikuja mara mbili tu. Alichomwachia mtoto ni namna ile ya kuburuta vidole.

Hapo ndipo wazo liliponijia, na sioni haya kusema lilikuwa wazo zuri. Tinde kulikuwa na nyumba ya wageni inayomaliziwa, na nyuma yake fundi wa marumaru alikuwa amelundika vipande vilivyobaki: vyekundu, vyeupe na vya rangi ya majivu. Jumapili baada ya misa nilimkuta fundi huyo, Onesmo, akinywa uji kibarazani.

"Fundi, vile vipande unavifanyia nini?"

"Vile? Kesho navimwaga korongoni. Unavitaka?"

"Nataka kutandika darasa."

Aliniangalia toka viatuni hadi kitambaa cha kichwani. "Darasa zima? Kwa makombo? Mwalimu, wewe ni mgeni wa nani hapa?"

"Wa watoto sabini na mmoja."

Akacheka hadi uji ukamwagika. Lakini Jumatatu lundo halikumwagwa korongoni. Babu mmoja wa kijiji alifunga ng'ombe wake wawili kwenye mkokoteni, na vipande vikafika shuleni kwa safari tatu. Saruji niliinunua kwa fedha yangu ya kujikimu, mchanga waliuleta watoto kutoka mtoni, ambao mwezi ule haukuwa na kingine cha kutoa.

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Theonest, alinipa ruhusa bila kuinua kichwa. Ofisi yake ilikuwa stoo: meza moja, magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi, majembe, na sakafu ya udongo kama yetu. "Fanya, binti yangu," alisema. "Ila usinivurugie ratiba."

Kabla ya kugusa marumaru hata moja tulifanya kazi kwa maboksi. Niliwagawa katika makundi, kila kundi likapewa rula, wembe na boksi la sabuni. Kazi yao ilikuwa moja: mchague umbo, mkate vipande ishirini vinavyolingana, kisha mvipange chini bila kuacha tundu. Atakayeacha tundu amewaachia funza mlango.

Kundi la Bujiku lilichagua duara kwa sababu walikuwa na kifuniko cha ndoo cha kufuatishia. Walikata kwa kiburi, wakapanga, wakabaki wakikuna vichwa.

"Funza watapita hapo kwa baiskeli," alisema msichana mmoja wa kundi la mraba.

"Tusogeze!" Bujiku aliamuru. Walisogeza. Tundu lilihama, halikuondoka.

Kundi la mraba lilimaliza mapema likaanza kuringa. Mstatili ukakubali, pembetatu ikakubali. Waliochagua pembetano walisukumana hadi wakagombana. Kundi la Scolastika lilikusudia mstatili, lakini wembe uliteleza mkononi mwake, na kipande cha kwanza kikatoka chenye pande nne zisizofanana hata mbili, kama jino la mzee. Kwa kuwa walikuwa wamekwisha kukifuatisha na kukata vingine, kundi zima likawa na majino ishirini.

"Tupeni hayo, anzeni upya," nilisema. Nakumbuka vizuri kwamba nilisema hivyo.

Scolastika hakutupa. Alikaa chini, miguu ameinyoosha mbele ili vidole visiguse vumbi, akaweka kipande kimoja, akachukua cha pili akakizungusha kichwa kikawa chini na miguu juu, akakibana ubavu kwa ubavu ulio sawa nao. Vikashikana. Akaleta cha tatu, akakizungusha vivyo hivyo kwenye ubavu mwingine. Alipofika cha nane wenzake walikuwa wameacha kazi zao na kumzunguka. Pembe nne zote tofauti zilikutana mahali pamoja, zikajaa, hapakuwa na tundu.

"Umefanyaje?" niliuliza, na sauti yangu haikuwa ya mwalimu.

"Nimevilaza mzungu wa nne, madamu."

Ndivyo wanavyolala watoto wengi katika kitanda kimoja: huyu kichwa huku, yule kichwa kule, kila bega likaingia palipo na mguu wa mwenzake. Mimi jambo hilo nilifundishwa chuoni kwa uthibitisho wa kurasa mbili, kwamba pembenne yoyote, hata iliyopinda vipi, huweza kujaza sakafu. Nililinakili, nikafaulu mtihani, nikalisahau. Yeye alilitoa kitandani kwa bibi yake, alipolala na binamu zake watatu.

Nilimpelekea Onesmo kile kipande cha boksi na vingine saba. Alikigeuza mkononi. "Hiki cha kombokombo? Hakikai popote." Nikampangia vinane mezani. Akawasha mashine yake ya kukatia. Jumamosi tatu mfululizo alikuja shuleni na mwiko wake na pimamaji, akakataa malipo, akamtukana Bujiku kwa upendo kila alipokanyaga saruji mbichi.

"Wewe, mguu wako huo ni wa tembo?"

"Ni wa fundi, baba!"

"Fundi wa kubomoa. Toka hapo!"

Kando ya kuta watoto walitandika miraba, mistatili na pembetatu kwa mistari, na kila kundi lilihesabu lenyewe vipande vya mstari wake. Katikati, kuanzia ubaoni hadi mlangoni, tuliweka umbo la Scolastika kwa rangi tatu. Ukisimama mlangoni ulidhani sakafu inatembea. Kipande cha mwisho, chekundu, kilikuwa cha kizingitini. Tulimwachia yeye akiweke. Alikibonyeza kwa kisigino.

"Sakafu hii ni yenu," niliwaambia siku ile, wote wamejipanga ukutani na mikono yenye saruji. "Mtakaa juu yake."

Majuma mawili yaliyofuata yalikuwa mema. Walipiga deki asubuhi, wakafagia mchana, wakavua viatu mlangoni wale wachache waliokuwa navyo. Waliokosa madawati hawakulalamika tena. Kuna waliowaachia wenzao madawati makusudi ili wakae juu ya umbo walilolikata. Nikiwaambia wanioneshe mraba, vidole sabini na kimoja vilielekea chini. Jumatatu ya kwanza Scolastika alikuja. Jumatatu ya pili alikuja, na alikuwa akitembea kwa unyayo mzima. Nilikutana na Bibi Kabula njiani kutoka kisimani. Alitua ndoo chini, jambo ambalo mwanamke mwenye umri wake halifanyi ovyo, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

Juma la saba mhadhiri wangu, Dokta Donatus, alitoa taarifa kwamba anakuja kunitathmini. Mwalimu Theonest aliposikia akawaalika viongozi wa elimu wa kata na wajumbe wa kamati ya shule. Nami niliamua kwamba wageni lazima waione sakafu nzima, isizibwe na miguu ya madawati. Mwalimu Agnetha, mwalimu wa Darasa la Tatu, mama wa makamo aliyefundisha pale miaka kumi na tisa, alinikuta nikilikokota dawati la kwanza.

"Unahama?"

"Nataka waione yote, mama. Baada ya kipindi nayarudisha."

"Haya." Alishika upande wa pili akanisaidia. "Toa. Ila ukumbuke njia uliyoyatolea."

Nilidhani ni utani wake wa kawaida.

Kipindi kilikwenda vizuri kuliko nilivyoomba. Watoto walisimama nje ya mlango, wageni wakaingia katika chumba kitupu chenye sakafu inayong'aa, na mmoja mmoja watoto waliingia kueleza umbo lao. Scolastika alieleza habari ya mzungu wa nne, wageni wakacheka, kisha wakainama kuhakikisha, kisha hawakucheka tena. Dokta Donatus aliandika kwa muda mrefu. Mjumbe mmoja wa kamati alisema, "Hata ofisi ya wilaya haina sakafu kama hii," na nilimwona Mwalimu Theonest akigeuka polepole, akitazama kuta nne, dirisha, mlango, kama mtu anayepima kwa macho. Chumba kilikuwa kitupu. Mimi ndiye niliyekifanya kiwe kitupu.

Wageni walikula hadi jioni, watoto wakaenda nyumbani, madawati yakalala nje. Asubuhi nilipofika niliikuta meza ya Mwalimu Mkuu katikati ya umbo la Scolastika. Kabati la mafaili lilikuwa ukutani, juu ya mstari wa pembetatu, na mlangoni ulikuwa umepigiliwa ubao mpya: OFISI YA MWALIMU MKUU. Darasa la Nne walikuwa wamesimama uwanjani kwa mistari, wakingoja kuambiwa wao ni wa wapi.

Waliambiwa wao ni wa Darasa la Tatu. Watoto mia na thelathini katika chumba kimoja cha udongo, madarasa mawili yamegeuziana migongo, ubao mmoja mbele na mmoja nyuma.

Nilikwenda kwa Mwalimu Theonest kwa hasira, na mlangoni, kwa mazoea, nikavua viatu. Yeye alikuwa amevaa vyake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mwalimu Evelina. Karibu, binti yangu, karibu ukae. Hongera. Kata nzima inakuongelea."

"Mwalimu, watoto wale wameijenga sakafu hii wao. Niliwaahidi."

"Wameijengea shule yao. Na mimi ni wa shule ipi?" Hakuwa akidhihaki. Aliinua mguu akanionesha kiatu chake cheusi, ambacho kilikuwa safi. "Miaka kumi na moja nimepokea wageni wa serikali juu ya magunia ya mahindi. Juzi mmoja wao aliniuliza kama mimi ndiye mtunza stoo. Unajua hiyo? Shule ikiheshimika, watoto wanaheshimika. Mwakani tutaomba wajengewe wao pia."

"Mwakani Scolastika hatakuwapo."

"Scolastika yupi?"

Juu ya meza yake, chini ya jiwe alilolitumia kuzuia karatasi, ilikuwapo fomu yangu ya mazoezi, sehemu yake ya maoni ikiwa tupu. Hakuigusa wala kuitaja. Macho yangu ndiyo yaliyoitaja.

Mchana nilimpigia simu Dokta Donatus. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo sitamnyima. "Evelina, hayo ni ya uongozi wa shule," alisema. "Usiingilie. Wewe somo lako limekuwa bora kuliko yote niliyoyaona mwaka huu, na alama umekwisha kupata. Ngoja tu asaini."

Mwalimu Agnetha alinikuta nimekaa nyuma ya choo cha walimu na simu mkononi. Alikaa kando yangu akaanza kuchambua mchicha.

"Wewe ulidhani kizuri kikipatikana hapa watakaokikalia ni watoto?" alisema. "Lilikuja tangi la maji, liko kwa nani? Vilikuja viti vya plastiki, viko kwa nani? Ungewaacha na samadi yao, mwanangu. Samadi haina mtu anayeitamani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia ukumbuke njia." Akanitazama. "Na usingenisikia. Ulikuwa na furaha sana."

Jumatatu ya juma la nane Scolastika hakuja. Jumanne hakuja. Ijumaa, siku yangu ya mwisho, nilikwenda ofisini kuchukua fomu nikamkuta Mwalimu Theonest amesimama kizingitini, uso umemwiva.

"Tazama! Tazama kazi ya watoto wako!"

Kipande cha kizingitini hakikuwapo. Kilikuwa kimeng'olewa kwa ustadi, bila kuumiza jirani zake. Mng'oaji alijua aanzie ubavu upi. Lilibaki pengo la pande nne, hata mbili hazikufanana.

"Ni nani? Wewe unawajua. Nitamchapa mbele ya shule nzima."

"Simjui, mwalimu."

Huo ndio ushujaa wangu wote katika habari hii, na ulikuwa wa maneno mawili.

"Basi ziba. Kuna saruji imebaki stoo. Wageni wanakuja Jumatatu, siwezi kuwa na shimo mlangoni." Kisha, akirudi mezani, "Ukimaliza, fomu yako iko tayari kusainiwa."

Nilikoroga saruji katika bati la rangi. Nilipiga magoti pale Scolastika alipobonyeza kwa kisigino, nikajaza pengo lile, nikalisawazisha kwa kiganja kama nilivyowaona wasichana wakifanya siku za Ijumaa. Vidole vyangu vilitaka kuacha alama, nikavizuia. Alisaini. Aliandika maneno mema sana. Bado ninayo nakala.

Kabla ya kwenda kungoja gari la Tinde nilipitia kwa Bibi Kabula. Sijui nilitaka nini. Nilimkuta uani, amekaa kigodani, mguu wa Scolastika ameulaza mapajani, sindano mkononi. Chini ya kisigino cha mguu wa pili palikuwa na kile kipande chekundu, kimeoshwa, kimewekwa juu ya udongo uliosiribwa. Kila alipomtoa funza, bibi alimweka juu ya kipande, mahali anapoonekana, akamponda kwa kucha ya dole gumba.

"Mwadila, bibi," nikasalimu.

"Mwadila." Hakuinua kichwa, wala hakunipa kigoda. "Kama umekuja kuniuliza Jumatatu, mwalimu, huyu harudi."

Mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye kisiki, na fimbo ya kuchungia, fupi, ya kimo cha mtoto, ilikuwa imeegemezwa ukutani.

Scolastika aliukunja mguu haraka kufunika kile kipande. "Umekuja kukichukua, madamu?"

"Hapana. Ni chako."

Alinikagua, kisha mguu ukarudi mahali pake polepole. Macho yake yakashuka hadi mikononi mwangu. Saruji ilikuwa imekauka kuzunguka kucha.

"Pale mmeweka umbo gani?"

"Hakuna umbo. Nimeziba tu kwa saruji."

Alifikiri. Alikuwa na kile kikunjo kati ya nyusi alichokuwa nacho siku ya maboksi, vipande ishirini mbele yake na mimi nikimwambia atupe.

"Nani kaziba, madamu? Wewe?"

Nilitaka kumweleza habari ya fomu.

"Mimi," nikasema.

Aligeuza uso upande wa mbuzi, na bibi yake akauvuta mguu karibu zaidi na mwanga.

"Tulia," Bibi Kabula akamwambia. "Yupo mwingine."